Kosa la Jumamosi

Ukiulizwa habari hizi umezitoa wapi, sema umeziota. Nchi ya Kadhalika haipendi kusimuliwa, na wewe ukinitaja mimi nitakana mbele ya mashahidi.

Ni nchi tulivu, Kadhalika, na watu wake wana adabu ya kufanana. Kiongozi akikohoa redioni, mawaziri hukohoa. Mawaziri wakikohoa, wakuu wa mikoa huenda kununua dawa. Mji mkuu unaitwa Vilevile. Humo umo uwanja wa taifa wenye milango sita mizuri: mmoja wa mbao za mninga, na mitano ya rangi ya mafuta, iliyochorwa ukutani na fundi hodari kiasi kwamba kunguru wengi wamevunja midomo wakijaribu kupita. Kamati ya ukaguzi ilihesabu milango hiyo ikiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, ikaandika sita, na sita ikawa.

Katika nchi hiyo, Dokta Sikitu Mwambeja alijitia kimbelembele cha kufundisha somo jipya pale Chuo Kikuu cha Vilevile. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, na msema kweli, maradhi ambayo wazazi wake walijitahidi kuyatibu akiwa mdogo wakashindwa. Somo lenyewe liliitwa Uigaji wa Kompyuta. Mwanafunzi huchukua jambo la duniani, tuseme foleni ya zahanati, akalijenga kwa hesabu ndani ya kompyuta, kisha akalitazama linavyokwenda kabla halijatokea. Ukitaka kujua mgonjwa wa mwisho atamwona daktari saa ngapi, huna haja ya kumngoja afe, unaiuliza kompyuta.

Kama ilivyo desturi, Dokta Sikitu aliandika masharti ya somo. Kazi za nyumbani tano, kila moja alama nane. Mradi wa mwisho, alama sitini. Kazi ikichelewa, kila siku inakatwa alama moja. Na sharti la nne, ambalo aliliandika bila hata kufikiri kwa jinsi lilivyokuwa la kawaida: *Atakayeigilizia kazi ya mwenzake atapata sifuri.* Yote hayo yalienea kwenye ukurasa mmoja, akaenda zake kunywa chai.

Chai haikuwahi kupoa. Aliitwa na Wizara ya Elimu na Mfanano.

Alimkuta Mkurugenzi wa Ulinganifu, Bwana Eliabu Mashauri, mtu mnene wa sauti nyembamba, amekaa nyuma ya meza na ule ukurasa mmoja ameushika kwa vidole viwili. Kando yake aliketi Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Shaweji Matandiko. Profesa huyu alikuwa amepanda vyeo kwa kipaji kimoja tu: kurudia maneno ya mwisho ya aliyemzidi cheo.

"Dokta," alianza Bwana Eliabu, "somo lako linaitwaje?"

"Uigaji, mheshimiwa."

"Uigaji. Na sharti la nne linasemaje?"

"Linakataza kuigilizia."

Bwana Eliabu aliuweka ukurasa mezani. "Dokta, mimi kompyuta sikuisoma, lakini kuogelea nilifundishwa. Je, umewahi kuona somo la kuogelea linalokataza kulowa?"

"Kulowa!" alisema Profesa Matandiko, akatikisa kichwa kwa uchungu.

"Mheshimiwa, uigaji huu si kuigilizia kule," Dokta Sikitu alijieleza. "Sisi hatumwigi mtu, tunaiga jambo. Tunachukua foleni, kwa mfano..."

"Kwa hiyo foleni mnaiigilizia."

"Tunaiiga."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya nani?" alisema Profesa.

Kamati iliundwa papo hapo. Ilikaa siku kumi na moja kwa chai na sambusa, ikatoa masharti mapya ya kurasa kumi na nne, yenye dibaji, hitimisho, na picha ya Bwana Eliabu akitazama mbali. Yakichujwa, yalisema hivi. Mwanafunzi atakayeigilizia sawasawa, mpaka makosa ya tahajia, atapata alama zote. Atakayeleta kazi yake mwenyewe atapata sifuri, kwa kuwa atakuwa ameshindwa kuiga. Na ibara ya tisa, ambayo Bwana Eliabu aliisoma amesimama: yeyote atakayekubali kuigiliziwa atafukuzwa, maana kuigiliziwa ni kujidai u wa asili, na katika Kadhalika wa asili ni Kiongozi peke yake.

Hapo wanafunzi arobaini na mmoja wa somo la Uigaji wakaingia kwenye mtihani ambao haukuwa kwenye ratiba. Kazi ya kwanza ya nyumbani ilitolewa Jumatatu, ikusanywe Ijumaa. Jumanne kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze ili amwigilizie. Jumatano wakaendelea kusubiri. Anayeanza hana wa kumwiga, na akiigwa anafukuzwa, sasa nani ajitolee? Ijumaa mchana walijipanga nje ya ofisi ya Dokta Sikitu, kila mmoja na karatasi yake nyeupe pee, wakitazamana kwa pembe za macho kuona kama kuna msaliti aliyeandika lolote.

Dokta Sikitu alipeleka karatasi hizo nyeupe wizarani akiwa na hakika kwamba sasa wataona ujinga wao. Bwana Eliabu alizipitia moja baada ya moja, machozi yakamlengalenga.

"Sijawahi kuona ufanano wa namna hii," alisema. "Wote mia kwa mia."

"Mia kwa mia," alisema Profesa.

Ikawa hivyo kwa kazi zote tano. Darasa likawa la kwanza kitaifa, magazeti yakaandika, na Dokta Sikitu akapewa cheti cha pongezi ambacho alikigeuza akakiwekea kikombe.

Mradi wa mwisho haukuwa mwepesi hivyo, kwa sababu ibara ya kumi na mbili ilitaka uwe na kurasa ishirini zenye maandishi. Wanafunzi walihaha mpaka mmoja akagundua, kwenye kabati la maktaba, mradi wa zamani kuhusu foleni ya posta, ulioandikwa miaka kumi na mmoja nyuma na kijana aitwaye Remi Chubwa, ambaye siku hizi anafuga bata na hana chuo cha kufukuzwa. Arobaini wakaunakili wote, mpaka jina. Miradi arobaini ikamfikia Dokta Sikitu, yote imeandikwa na Remi Chubwa.

Wa arobaini na moja aliuleta Kabula Luhende.

Kabula alikuwa msichana mpole anayependa foleni. Wengine hupenda mpira; yeye tangu akiwa mdogo, mama yake alipokuwa akimtuma kushika nafasi bombani, alikuwa akihesabu ndoo na kubashiri ndoo yao itajaa saa ngapi, na hakukosea hata siku moja. Aliingia ofisini na bahasha, akabaki amesimama.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Kabula. Kaa."

"Dokta, nimeshindwa kuiga. Nilianza kuandika Remi Chubwa, mkono ukagoma." Aliisukuma bahasha mezani. "Nimefanya ya kwangu. Sherehe za Jumamosi hii, kule uwanjani."

Dokta Sikitu alifungua. Kabula alikuwa ameujenga uwanja wa taifa ndani ya kompyuta, na wageni elfu nne walioalikwa kwenye sikukuu ya taifa. Milango hakuihesabu kwa macho, aliisukuma kwa mkono, akapata mmoja. Kwenye mlango huo alimweka mlinzi, Mzee Ulimboka, ambaye kwa heshima yake hamruhusu mtu kupita kabla ya kumuuliza hali, kumuuliza za nyumbani, na kuitazama kadi yake. Alimpima kwa saa ya mkononi siku nne mfululizo: sekunde tisa kwa kila mtu, hapungui. Akampa dakika saba za kula saa nane. Mlango ukifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mtu wa elfu mbili na mia sita ataingia saa sita na nusu. Sambusa zitakwisha saa saba na robo. Na kwa kuwa itifaki ya Kadhalika humtaka mgeni rasmi aingie wa mwisho, Kiongozi, ambaye kwenye ratiba alipangiwa saa nne asubuhi, ataingia saa kumi na dakika saba alasiri.

Dokta Sikitu aliisoma mara mbili. Alifurahi mpaka akataka kulia. Ndiyo kazi aliyoiota tangu alipoanza ualimu. Halafu akakumbuka masharti, akaziweka karatasi chini.

"Kabula, unajua hii ni sifuri? Mradi ukiwa sifuri, unadisko. Chuo umekiaga."

"Najua, Dokta." Kabula aliinamisha kichwa. "Na mama ameshanunua kitenge cha mahafali. Analala nacho chini ya mto ili kisikunjike."

Ijumaa asubuhi Dokta Sikitu alipiga moyo konde, akaenda kwa Profesa Matandiko. Profesa aliuona mradi, akaupindua kutafuta ulikotoka.

"Ameigilizia wapi?"

"Hakuigilizia, Profesa."

"Basi ni sifuri, tusipotezeane muda. Baraza la Mitihani linakaa Jumatatu."

"Profesa, tazama mwisho. Kiongozi atasimama nje kwa saa sita nzima."

"Ratiba imesema saa nne. Ratiba ina muhuri. Hii ina muhuri?"

"Haina, lakini uwanja una mlango mmoja!"

Profesa alitazama kulia na kushoto. Kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kumrudia maneno, alimwonyesha Dokta mlango wa ofisi. Huo nao ulikuwa mmoja.

Jumamosi ikafika. Wageni elfu nne, mavazi ya kung'aa, kadi mkononi, kila kadi na namba ya mlango wake. Wenye mlango wa pili walijipanga mbele ya mlango wa pili kwa nidhamu, wakangoja ufunguliwe. Wenye mlango wa tano vivyo hivyo. Ilipotimu saa moja, brigedia mmoja mwenye nishani mpaka kwapani aliuamuru mlango wa nne ufunguke. Haukutii. Akauamuru kwa mara ya pili, kwa sauti ya gwaride, kisha akaandika jina la mlango ili ushtakiwe. Mwishowe wote walihamia mlango wa kwanza, alikosimama Mzee Ulimboka, amenyoa, amevaa tai, anatabasamu.

"Hujambo, mwanangu? Za nyumbani? Kadi yako tafadhali."

Dokta Sikitu na Kabula walisimama kando, karatasi mkononi. Saa sita na nusu kamili, mtu wa elfu mbili na mia sita aliingia, naye alikuwa Bwana Eliabu Mashauri, jasho linamtiririka, akiulizwa hali ya mkewe. Saa saba na robo mhudumu aliinua sinia tupu juu ya kichwa. Saa nane Mzee Ulimboka alitoa ugali wake na dagaa, akanawa, akala kwa dakika saba, na msafara wa Kiongozi ulimngoja amalize, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ufunguo mwingine. Kabula alimsogelea mwalimu wake.

"Dokta, naogopa. Inakwenda kama nilivyoandika."

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Lakini usiniombe nisifurahi."

Saa kumi na dakika saba Kiongozi alifika mlangoni, akaulizwa za nyumbani, akajibu nzuri, akapita. Alihutubia kwamba kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa, na uwanja mzima ukapiga makofi kwa mikono iliyochoka.

Jumatatu Baraza la Mitihani lilikaa. Bwana Eliabu alikuja mwenyewe, uso umevimba kwa jua la Jumamosi, maana habari za karatasi ya Kabula zilikuwa zimeshamfikia. Miradi arobaini ya Remi Chubwa ilipitishwa kwa vifijo. Ukafika wa mwisho.

"Huu," alisema Bwana Eliabu, "ni ama kazi ya asili, na mwenyewe anadisko, au ni hujuma, na mwenyewe anakwenda ndani. Dokta, chagua."

"Chagua," alisema Profesa.

Dokta Sikitu alimfikiria mama mmoja na kitenge chake chini ya mto. Alitazama ripoti ya polisi ya Jumamosi, iliyokuwa mezani karibu na mradi wa Kabula: saa sita na nusu, saa saba na robo, saa kumi na dakika saba. Ndipo ulimi wake, uliokuwa haujawahi kusema uongo, ukapata njia ya kupita katikati.

"Mheshimiwa, nimeficha jambo. Huyu binti ameigilizia."

Baraza likashtuka. "Kwa nani?"

"Kwa Jumamosi."

Bwana Eliabu alizivuta karatasi mbili, akazilaza bega kwa bega, akafuata mistari kwa kidole. Dakika kwa dakika, mtu kwa mtu.

"Hata sambusa!" alinong'ona.

"Hata sambusa!" alisema Profesa.

"Na kumbukeni, waheshimiwa," Dokta Sikitu aliongeza upesi kabla akili hazijarudi, "hawa wengine wameigilizia kitu kilichokuwa kimeshaandikwa. Yeye ameigilizia siku ambayo ilikuwa haijafika. Katika Kadhalika nzima, nani amewahi kuigilizia hivyo?"

Bwana Eliabu alisimama. Alitamka kwamba Kabula Luhende amepata mia kwa mia, na atunukiwe jina la Mwigilizaji Bora wa Taifa. Kisha akakunja uso, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Lakini ibara ya tisa haina upendeleo. Palipo na aliyeigilizia, pana aliyekubali kuigiliziwa. Jumamosi ilijua inatazamwa, ikanyamaza, ikajidai ya asili. Adhabu yake ni nini?"

"Adhabu yake ni nini?" alisema Profesa, na mara hii aliuliza kweli.

Jumamosi ilishtakiwa bila kuwepo, ikapewa nafasi ya kujitetea siku ya Jumanne, haikutokea, ikadisko. Kalenda zilichapwa upya. Tangu wiki ile, katika nchi ya Kadhalika Ijumaa hufuatwa na Jumapili, na katikati pana saa ishirini na nne ambazo serikali haizitambui.

Kabula alipopata habari hakurukaruka kama Dokta alivyotarajia. Aliketi ofisini kwa mwalimu wake, akakisoma cheti polepole. Kiliandikwa kwa dhahabu: *Amefaulu Kuigilizia.*

"Dokta, lakini mimi sikuigilizia."

"Najua." Dokta Sikitu aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Nisamehe, Kabula. Milango ilikuwa mingi, lakini unaofunguka ulikuwa mmoja. Nikakupitisha huo."

Kabula alifikiri, kisha akacheka, na mwalimu wake akacheka naye, japo hakuna hata mmoja aliyefurahi sana. Maana palikuwa na jambo jingine. Kwa mujibu wa hati ya kuanzishwa chuo, mahafali hufanyika Jumamosi. Na Jumamosi haipo.

Mama Kabula hakuelewa hoja hiyo, wala hakutaka kuielewa. "Kitenge kimeshashonwa," alisema. Siku ya mahafali, siku isiyokuwepo, alikivaa, akamshika bintiye mkono, wakaenda chuoni. Walimkuta Dokta Sikitu ukumbini na joho la kuazima. Walimkuta pia Mzee Ulimboka, kaja kuwafungulia.

"Mzee, leo uko kazini?" aliuliza Dokta.

"Leo? Leo haipo, mwanangu. Niko kwangu. Hujambo? Za nyumbani?"

Waziri hakuja, kwa kuwa hakuna waziri anayeweza kuonekana katika siku iliyofutwa. Bwana Eliabu hakuja. Profesa Matandiko hakuwa na wa kumfuata, hakuja. Kwa hiyo hapakuwa na hotuba, wala salamu za mkoa, wala mwongozo wa mavazi. Dokta Sikitu alikigeuza kile cheti, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino: *Kazi hii aliifanya mwenyewe.* Akaita jina kwa sauti kubwa, Kabula Luhende, mara moja, na Mama Kabula akapiga vigelegele vilivyojaza ukumbi mzima. Sherehe nzima ilichukua dakika tisa, na mpaka leo haijapata kutokea nyingine iliyomalizika kabla watu hawajasinzia.

Siri ya namna hiyo haikai. Watu wa Kadhalika waligundua kwamba siku isiyokuwepo haina mkaguzi. Fundi mmoja akatoboa mlango wa pili uwanjani, mlango wa kweli, Jumamosi asubuhi, na hakuna aliyeweza kumkamata kwa kuwa hakuna aliyeweza kuandika tarehe ya kosa.

Mwaka uliofuata Dokta Sikitu alipeleka wizarani masharti ya somo. Aliyabakiza yote, kurasa zote kumi na nne, mpaka picha ya Bwana Eliabu, akaongeza mstari mmoja tu mwishoni: *Kazi zote za nyumbani zikusanywe Jumamosi.*

Bwana Eliabu alivunjika mbavu kwa kicheko. "Maskini Dokta, eti Jumamosi! Hatapata hata karatasi moja."

"Karatasi moja," alisema Profesa, na muhuri ukapigwa.

Jumamosi ya kwanza Dokta Sikitu alikusanya karatasi thelathini na nane. Hapakuwa na mbili zilizofanana. Sita kati ya hizo zilikuwa mbovu kupindukia. Foleni ya zahanati ilirudi kinyumenyume, na mgonjwa mmoja alipona kabla hajafika. Akazipa moja juu ya nane, mbili juu ya nane, kwa raha zake zote, maana hata ubovu wake ulikuwa wa wenyewe.